Theluji ya kwanza ni mtihani tusiowafunza wanaohamia Marekani

KIJANA wa Kisii au Nyamira anapopata viza ya Marekani, maandalizi ya safari yake hufuata utaratibu ambao sasa umekuwa kama mila. Kamati huundwa. Kadi za mchango husambazwa kwa jamaa, majirani na waliosoma naye, na siku hizi nambari ya M-Pesa huzungushwa katika makundi ya WhatsApp hadi nauli itimie. Mchango usipotosha, baba huuza ng'ombe au kipande cha shamba. Mama hushuka sokoni Daraja Mbili mjini Kisii kumtafutia koti zito la mtumba. Mchungaji humwombea, na wajomba humkalisha chini kumwasa kuhusu pombe, marafiki wabaya na dhambi ya kuwasahau wazazi.

Nimehudhuria vikao vya aina hiyo mara nyingi kuliko niwezavyo kukumbuka. Sijasikia hata siku moja msafiri akiulizwa: Je, umejiandaa vipi kuendesha gari juu ya barafu?

Huenda swali lenyewe likachekesha katika eneo ambalo baridi tunayoijua ni ile ya asubuhi ya Julai, inayomalizwa na kikombe cha chai. Hata hivyo, kwa jamii ya Abagusii swali hilo si la mbali hata kidogo. Kwa zaidi ya miongo miwili jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, limekuwa mojawapo ya makao makuu ya watu wa jamii hii walioko ughaibuni. Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya jiji la Minneapolis, hutajwa katika matanga na harusi za Nyamira kana kwamba ni vituo vya matatu vinavyofuata baada ya Keroka. Mnamo Novemba 2024, wapigakura wa eneo linalojumuisha Osseo na sehemu ya Brooklyn Park walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuingia katika bunge la jimbo hilo. Jamii imeota mizizi huko.

Jimbo hilo hilo ni miongoni mwa yale yenye baridi kali zaidi nchini humo. Mwezi Januari, wastani wa joto jijini Minneapolis ni takriban nyuzi 9 chini ya sufuri kwa kipimo cha Selsiasi. Alfajiri ya Januari 30, 2019, kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri, na upepo ukaufanya mwili uhisi kana kwamba ni nyuzi 48 chini ya sufuri. Dhoruba iliyoanza Oktoba 31, 1991 iliangusha zaidi ya sentimita 70 za theluji jijini humo kwa muda wa siku chache tu, kiasi cha kumfika mtu mzima mapajani. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ni nadra kipimo kushuka chini ya nyuzi 10.

Kinachosafiri kati ya ncha hizi mbili ni binadamu mwenye mazoea yake. Mazoea ya uendeshaji gari ndiyo hatari zaidi miongoni mwa yote anayobeba, kwa sababu hayaonekani katika mizigo na hayapimwi uwanja wa ndege.

Siku ya kwanza

Mwaka 2005, watafiti Daniel Eisenberg na Kenneth Warner walichapisha katika jarida la American Journal of Public Health uchambuzi wa ajali za barabarani katika majimbo 48 ya Marekani kuanzia 1975 hadi 2000. Matokeo yao yanafaa kusomwa kwa makini na kila mzazi mwenye mtoto huko.

Jambo la kwanza walilogundua linashangaza. Siku za theluji zilikuwa na ajali chache za vifo kuliko siku kavu, ingawa ajali za majeruhi na za kuharibu magari ziliongezeka. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba watu huogopa, hupunguza kasi, na wengine hubaki nyumbani. Jambo la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Siku ya kwanza ya theluji katika mwaka ilikuwa na hatari kubwa ya vifo kuliko siku nyingine za theluji zilizofuata.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Wanaozungumziwa hapo aghalabu ni watu waliozaliwa katika baridi hiyo, waliofunzwa kuendesha gari humo na baba zao, ambao majira ya kiangazi yanatosha kuwasahaulisha kidogo namna gari linavyoteleza. Ikiwa mwenyeji hujikwaa siku hiyo, sembuse mgeni ambaye hiyo si theluji ya kwanza ya mwaka bali ya kwanza maishani mwake?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba baridi humfunza mtu yenyewe na kwamba waliotangulia walizoea bila kufunzwa. Ni kweli walizoea. Lakini mazoea huja baada ya siku ya kwanza, na siku hiyo ndiyo inayoua. Mamlaka ya Shirikisho ya Barabara Kuu ya Marekani imekuwa ikikadiria kwamba zaidi ya watu 1,300 hufariki kila mwaka nchini humo katika ajali zinazotokea kwenye barabara zenye theluji, theluji iliyoyeyuka nusu, au barafu. Wala hatari hiyo haiko kaskazini pekee. Mnamo Februari 11, 2021, mjini Fort Worth, jimbo la Texas, eneo ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa la joto, mvua iliyoganda ilifunika barabara kuu alfajiri. Magari zaidi ya 130 yakagongana na kurundikana. Watu sita walifariki.

Matope si barafu

Dereva wa Kisii ana sababu ya kujiamini. Amejifunzia kwenye miteremko. Anayefahamu barabara za udongo zinazopanda kutoka kwenye barabara ya lami kuelekea vituo vya kununulia majanichai karibu na Kebirigo au Nyansiongo wakati wa masika, anajua ninachozungumzia. Udongo mwekundu hugeuka sabuni. Probox iliyobeba watu tisa na magunia mawili hupanda kilima ikiyumba mkia, na dereva hutulia kama aliye sebuleni. Hapo ametumia hekima ya kweli: hashiki breki katikati ya mteremko, huliacha gari litambae kwa gia, na haukati usukani kwa ghafla.

Hekima hiyo humfaa hata Minnesota. Tatizo ni ile nusu nyingine ya ujuzi wa matope, ambayo humsaliti.

Kwanza, matope huonekana. Dereva huyaona mita hamsini mbele na kujiandaa. Hatari kubwa ya majira ya baridi ni tabaka jembamba la barafu inayong'aa, iliyo wazi kama kioo, ambayo huifanya lami ionekane tu kama imelowa. Kiswahili hakina neno lake lililozoeleka. Lugha yetu ililelewa katika pwani yenye joto, na hata hayo maneno mawili tuliyo nayo ni ya kuazima: theluji ilitoka kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo lilimaanisha theluji. Wanaisimu watanisamehe nikiita tabaka hilo barafu fiche. Hupenda kujificha juu ya madaraja, kwa kuwa daraja hupigwa na upepo juu na chini na kuganda kabla ya barabara iliyolalia ardhi, na katika sehemu zenye kivuli, hasa alfajiri.

Pili, tairi linapozunguka bure kwenye matope, aghalabu huchimba hadi lifikie ardhi ngumu. Ndiyo sababu madereva wetu hukanyaga mafuta zaidi wanapokwama. Kwenye barafu, kuzunguka huko huyeyusha utando wa maji chini ya tairi na kuzidisha utelezi. Anayekanyaga mafuta hujichimbia kaburi dogo la theluji na kubaki humo.

Tatu ni kasi. Kwenye njia za udongo za Nyamira mtu huteleza akienda kilomita 20 kwa saa, na akiserereka huishia kwenye ua wa jirani. Kwenye barabara kuu za Minneapolis magari hukimbia kilomita 100 kwa saa, malori yakiwa kulia na kushoto. Gari likiwa juu ya barafu laweza kuhitaji hadi mara 10 ya umbali linaohitaji kwenye lami kavu ili lisimame. Anayemfuata mwenzake kwa karibu kama tunavyofuatana kutoka Kisii hadi Keroka hana nafasi ya kujiokoa.

Kuna tofauti ya nne, ambayo si ya fizikia. Gari likikwama kijijini kwetu, kabla dereva hajafungua mlango vijana watakuwa wamefika, watalisukuma, na kitakachobaki ni kupatana bei ya soda. Saa kumi na moja alfajiri katika kitongoji cha Minnesota, hakuna atakayetokea.

Inapotokea kuteleza, mafunzo ya wenyeji ni mepesi kuyaeleza na magumu kuyatii: ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda wala si unachoogopa kugonga, geuza usukani taratibu kuelekea huko. Gari lenye breki za kisasa zinazozuia magurudumu kujifunga halihitaji breki zipigwepigwe kama tulivyofunzwa zamani. Mguu hukandamizwa na kubaki pale, hata pedali ikitetemeka. Kifaa cha kushikilia kasi chenyewe hakiwashwi kabisa barabara inapoteleza. Na gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, ambalo kwetu ni fahari ya mwanamume, husaidia kuondoka, halisaidii kusimama.

Gari la dola chache

Mtu anayewasili hukaa kwa jamaa yake, hupata kazi, na miezi michache baadaye hununua gari. Hili si anasa. Wengi wa watu wetu huko hufanya kazi za kuwatunza wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu, katika vituo vilivyotawanyika vitongojini ambako basi halifiki kila mahali wala kila saa. Bila gari hakuna zamu, na bila zamu hakuna pesa.

Gari hilo la kwanza huwa kuukuu. Mnunuzi huangalia injini na bei, jinsi tunavyofanya hapa. Mambo ambayo yangemwokoa Januari hayamjii akilini, kwa kuwa hapa kwetu hayana uzito wowote.

Chukua rejeta. Madereva wengi wa Kenya hujaza maji ya mfereji, na gari hutembea miaka. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo yatosha kupasua chuma cha injini usiku mmoja. Kimiminika cha kuzuia kuganda, kikichanganywa na maji nusu kwa nusu, hustahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sufuri. Hata maji ya kuoshea kioo cha mbele sharti yawe ya aina isiyoganda, la sivyo dereva hupofuka ghafla baada ya lori lililotangulia kumrushia tope la chumvi.

Au betri. Chama cha wenye magari nchini humo, AAA, hueleza kwamba kwenye nyuzi 18 chini ya sufuri betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, wakati ule ule ambapo injini yenye oili nzito huhitaji nguvu zaidi kuwaka. Betri iliyokuwa ikisitasita Septemba itakufa Januari, na itakufa saa kumi alfajiri.

Lakini iwapo mnunuzi ana pesa za jambo moja pekee, nashauri ziende kwenye matairi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, na hupoteza uwezo wa kuishika barabara hata kabla ya theluji kuanguka. Tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na hutambulika kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mkoa wa Quebec, Kanada, umeyalazimisha tangu 2008. Ujerumani iliimarisha sheria yake 2010, na tangu Oktoba 2024 haitambui tairi lolote la baridi lisilo na alama hiyo. Sheria ya Minnesota haimlazimishi mtu. Humwachia uamuzi, na mgeni ambaye amekulia mahali ambapo tairi hutupwa linapoanza kuonyesha nyuzi hana msingi wa kuamua vyema. Aidha, upepo wa tairi hupungua kadiri baridi inavyozidi, hivyo hupaswa kupimwa mara kwa mara.

Matairi manne ya aina hiyo hugharimu dola mia kadhaa. Najua mgeni atasema hana. Najua pia kwamba katika miezi hiyo hiyo ya mwanzo huwa ametuma nyumbani zaidi ya hizo, kwa karo ya ndugu, kwa mabati, kwa mazishi ya jirani.

Kufagia theluji juu ya gari nako si urembo. Sheria ya jimbo hilo hukataza kuendesha gari ambalo vioo vyake vimezibwa na barafu au ukungu. Yule anayekwangua kitundu cha ukubwa wa sahani na kuchungulia kupitia humo huvunja sheria na kuhatarisha watu. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, magari huhamishwa kwa zamu ya siku tatu kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine ili malori ya kufagia yapite. Asiyefuatilia tangazo hulikuta gari lake limevutwa, na faini pamoja na ada za kulikomboa humeza mshahara wa siku kadhaa.

Zamu inayoanza gizani

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya mafunzo ya udereva haviligusi, nami naliona kuwa kiini cha hatari kwa watu wetu.

Mwishoni mwa Desemba, jua la Minneapolis huchomoza kama dakika 12 kabla ya saa mbili asubuhi na kutua mnamo saa kumi na nusu jioni. Zamu ya asubuhi huanza saa kumi na mbili au saa moja. Kwa hivyo mfanyakazi huenda kazini gizani, na akifanya zamu mbili mfululizo hurudi gizani, baada ya saa kumi na sita za kunyanyua wagonjwa. Katika kazi hiyo huwezi kumwacha mgonjwa kabla mwenzako hajafika kukupokea. Mmoja akichelewa kwa sababu ya theluji, mwingine hubaki. Anayechelewa mara kadhaa hupunguziwa saa, na saa ndizo mshahara.

Matokeo ni kwamba dereva asiye na uzoefu, aliye na usingizi, katika gari kuukuu, hujikuta barabarani katika saa ambazo lami huganda zaidi, akiwa na sababu zote za kuharakisha. Chumvi inayomwagwa na malori ya jimbo huanza kupoteza nguvu joto linaposhuka chini ya nyuzi 9 chini ya sufuri, na alfajiri ndiyo mara nyingi kilele cha baridi. Hakuna funzo la usukani linaloweza kutibu hali hiyo. Dawa yake ni kuondoka nyumbani saa nzima kabla, kuangalia hali ya barabara kupitia huduma ya 511 ya jimbo hilo, na wakati mwingine kumpigia msimamizi kumwambia: leo siji. Mgeni mwenye deni la nauli hawezi kutamka maneno hayo kwa urahisi, na deni hilo amelibeba kutoka kwetu.

Akikwama au kutumbukia mtaroni nje ya mji, kanuni ya kwanza ni kubaki ndani ya gari. Watu wamekufa wakitembea kutafuta msaada. Kanuni ya pili ni kuondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, kwani bomba likizibwa, gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, hujaa ndani na kumlaza mtu usingizi asioamka. Injini huwashwa kwa dakika 10 hivi katika kila saa, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo. Blanketi, koleo, tochi, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya matairi, chakula kikavu na nyaya za kuwashia gari kwa betri ya gari jingine hukaa kwenye buti kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Nani afunze?

Leseni haimfunzi mtu haya. Mtihani wetu wa Kenya humtaka mtahiniwa asukume kigari cha kuchezea kwenye ubao wenye mfano wa mji, kisha aendeshe barabarani, upande wa kushoto. Mkazi mpya wa Minnesota hupewa siku 60 kupata leseni ya huko, na mwenye leseni ya Kenya sharti afanye mtihani wa maandishi na wa barabarani. Lakini mtihani huo waweza kufanywa Julai, jua likiwaka. Mtu hufaulu kihalali na kukutana na theluji Novemba akiwa na kadi mfukoni na bila ujuzi.

Linganisha na njia nyingine ya uhamiaji iliyofunguka majuzi. Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi jijini Berlin, na wakati huo mji wa Flensburg, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, ulikuwa umepokea madereva watano wa mabasi kutoka Kenya katika mradi wa majaribio. Huko leseni ya kigeni hutambuliwa kwa miezi sita tu, kisha dereva sharti apate ya Ujerumani. Aliyeajiriwa kuendesha basi ana mwajiri ambaye basi ni lake, bima ni yake na abiria ni wake. Ana kila sababu ya kuhakikisha mgeni ameiva. Mtunza wazee wa Brooklyn Park anaendesha gari lake mwenyewe. Hatari ya njiani ni yake peke yake, na ikimpata, huwa ya kijiji kizima.

Nasema hivyo kwa sababu miongoni mwa taarifa za tanzia zinazopitia mezani petu wahariri zimo za Wakenya waliofariki barabarani ughaibuni. Kwa Omogusii, mtu huzikwa kwao. Mwili husubiriwa kwa majuma, michango ya kuusafirisha huitishwa pande zote mbili za bahari, na mara nyingi wachangaji ni wale wale waliochangia nauli. Shamba lililouzwa halirudi. Katika kaunti ya Kisii, ambako sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, kipande cha shamba si kitu cha kupotezwa mara mbili.

Serikali ina nafasi yake. Idara ya Masuala ya Wakenya Walio Ughaibuni, iliyoundwa mwaka wa 2022, hujivunia pesa zinazotumwa nyumbani, ambazo mwaka 2024 zilifika dola bilioni 4.9, sehemu kubwa zaidi ikitoka Marekani. Mafunzo ya lazima kabla ya kusafiri yapo tayari, lakini yalibuniwa kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani waendao nchi za Ghuba. Kuongeza alasiri moja kwa wanaoelekea nchi za baridi hakuhitaji sheria mpya. Shule za udereva za Kisii na Keroka haziwezi kuleta theluji, lakini zinaweza kueleza upande wa kulia wa barabara, breki, matairi na barafu fiche. Hata hivyo, sitaki kuwapa wasomaji matumaini ya bure. Serikali itachelewa.

Walio na uwezo wa kuanza leo ni kamati zenyewe za mchango na makanisa ya watu wetu yaliyoko Minnesota. Kamati inayokusanya nauli yaweza kutenga fungu la matairi manne na kulituma kwa jamaa mwenyeji, asije mgeni akalitumia kwa mengine. Na makanisa hayo yana hazina ambayo hakuna shule ya Kenya iliyo nayo: viwanja vya kuegeshea magari vinavyobaki vitupu siku za juma, pamoja na wazee waliokwisha kuendesha humo kwa majira ishirini ya baridi. Theluji ya kwanza ikianguka, mgeni apelekwe hapo, aambiwe akanyage breki kwa nguvu kwenye kilomita 20 kwa saa na auhisi mwili wa gari ukimkataa. Nusu saa hiyo inazidi koti la mtumba na nasaha zote za wajomba.

Sisi tuliobaki tuna letu pia, na halina gharama. Wakati wa baridi, Kenya huitangulia Minnesota kwa saa tisa. Saa tisa alasiri ya Nyamira, mzazi anapokuwa ametoka shambani na kukumbuka kumpigia mwanawe kuhusu karo, huko ni saa kumi na mbili asubuhi na mwanawe yuko gizani barabarani. Tangu Agosti 1, 2019, sheria ya jimbo hilo imemkataza dereva kushika simu mkononi, lakini ni mtoto gani wa Kigusii asiyeitazama simu ya mamake ikilia? Mama asubiri hadi saa tano usiku, ambayo kwa mwanawe ni saa nane mchana, au aache ujumbe.